Jezi ya Wales namba 11 ya mtumba: nimeivaa miezi mitano, haya ndo maoni yangu

Naanza na bei maana najua ndo mnachotaka kujua kwanza. Paundi 38. Jezi nyekundu ya timu ya taifa ya raga ya Wales, Reebok, ile ya msimu wa 2004/05, ina nembo yao ya manyoya matatu upande wa moyo na neno Brains kifuani, saizi S, mgongoni namba 11 nyeupe. Mtumba. Nimeinunua Cardiff katikati ya mji kwenye vile vichochoro vyao vya maduka vya zamani vilivyoezekwa vioo juu, duka la jezi za zamani tupu, jina lake silitaji na mkisoma mpaka chini mtaelewa kwa nini.

Wala sikuenda kununua jezi. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya Cardiff, hainyeshi kwa nguvu ila haikomi, nikaingia mlango wa kwanza ulio wazi. Mwenye duka mzee mmoja hivi mwenye miwani ya kamba, akanikaribisha kwa Kiingereza chao cha mabondeni na mwisho wa sentensi akaniita "bach". Nikajua kanifananisha. Akaniita tena. Baadaye ndo nikaja kuambiwa kwamba bach ni Kiwelisi, maana yake ni "dogo", na wanaitumia vilevile tunavyotumia sisi, yaani unaweza kuwa na kipara na wajukuu watatu bado mtu akakwambia dogo vipi na usikasirike. Basi yule mzee akanipima kwa macho kuanzia kiatu mpaka kichwa (nina mita 1.68, tusifichane), akaenda kwenye hanga za nyuma kabisa, akarudi na hii jezi akasema una umbo la Shane wewe, bach, vaa.

Sa nikubali kitu kimoja. Mimi raga nimeijua ukubwani. Nimekuja huku nikiwa mtu wa mpira wa miguu, raga kwangu ilikuwa ni wanaume kumi na tano wanamrundikia mmoja alafu refa anapuliza filimbi kwa sababu hakuna anayeijua. Aliyeniingiza ni Mkenya ninayeishi naye nyumba moja, huyo ukimtajia Wales anaanza na Dubai 2009, Kombe la Dunia la raga ya watu saba, Kenya ikamchapa Fiji robo fainali alafu ikatolewa na Argentina nusu fainali, na kombe akabeba Wales, mpaka leo anaisimulia kama mtu aliyedhulumiwa kiwanja. Huyo ndo aliyenionyesha vipande vya video vya Shane Williams, yule winga mfupi wa Wales aliyekuwa anavaa 11, usiku mmoja mpaka saa nane. Kwa hiyo mzee alipotaja Shane nilishamjua, nikalipa bila hata kuomba apunguze. Kosa langu la kwanza hilo.

Haya, kitambaa. Ni poliesta nzito kidogo, si ile nyepesi ya jezi za siku hizi inayokauka ukiipuliza. Ukiivaa ndani ya nyumba yenye hita utatoka jasho la mgongo, ukitoka nje kwenye upepo wa mto Taff inakaa vizuri sana, hata koti nilikuwa sivai. Mishono ya mabegani imara, nimeivuta kwa makusudi, haijaachia hata uzi mmoja. Manyoya yamedariziwa kwa uzi, ukipitisha kidole unayahisi, na hapo ndo unajua Reebok wa wakati ule hawakuwa wanatania. Hilo neno Brains limepasukapasuka kama tope lililokaukia juani, hasa herufi ya B, ila kwa jezi ya miaka ishirini siwezi kulalamika.

Na hilo neno lina hadithi yake. Brains ni kampuni ya bia ya palepale Cardiff, jina la familia tu, ila ukilisoma kwa Kiingereza linasomeka "akili". Sasa Ufaransa ina sheria kali ya kutangaza pombe, kwa hiyo Wales walipoenda kucheza Paris 2005 hawakuruhusiwa kuingia na jina la bia kifuani, wakabadilisha herufi chache likawa Brawn, maana yake "misuli". Yaani wamevua akili wakavaa misuli. Tarehe yenyewe ilikuwa 26 Februari, ambayo ni siku ya kuzaliwa ya Shane Williams, alikuwa anatimiza miaka 28, na yeye ndo alikuwa na misuli kidogo kuliko karibu kila mtu uwanjani. Mapumziko walikuwa nyuma 15 kwa 6. Mechi ikaisha Wales 24 Ufaransa 18. Jezi yangu ni ya Brains, ya kawaida. Ya Brawn ukiipata mahali usiiache, niambie mimi kwanza.

Turudi kwenye saizi maana hapa ndo jezi ilinifundisha kitu. S ya raga sio S ya mpira wa miguu. Hii S mabegani inanipwaya, kifuani inabaki nafasi ya mkono mzima, urefu unanifunika mfuko wa nyuma wa suruali. Ni kwa sababu jezi za kuuzia mashabiki zilikatwa pana, mtu mwenye kitambi naye aingie. Za wachezaji kipindi kile zilishaanza kubanwa, Uingereza ndo waliingia Kombe la Dunia 2003 na zile zilizowashika kama ngozi, sababu ni moja tu: jezi ikipwaya, ni mpini. Mtu anayekukimbiza hahitaji kukufikia wewe, anahitaji kufikia kitambaa. Nilijaribu na huyu Mkenya kwenye bustani, akanishika pindo kwa vidole viwili tu nikaenda chini kama gunia. Ukishaangushwa hivyo unaanza kuelewa mtu wa mita 1.70 na kilo kama 80 aliishije kwenye mchezo ule miaka kumi na zaidi.

Na aliishi kwa kutoshikwa, hakuna siri nyingine. Amezaliwa Morriston pale Swansea mwaka 1977, akakulia Glanamman, bonde la Amman, huko Kiwelisi kinasikika sana. Kaanzia Amman United timu ya kijijini, alafu Neath, na alikuwa anacheza skramhafu, yule mdogomdogo anayetoa mpira nyuma ya skramu (ule msukumano wa watu wanane kwa wanane), ndo kazi wanayopewa wafupi. Neath wakamhamishia winga. Winga kipindi hicho dunia nzima ilikuwa inataka mtu kama Jonah Lomu wa New Zealand, mita 1.96 na kilo karibu 120, anayepita juu ya watu. Sasa weka hao wawili pembeni kwa pembeni.

Februari 2000 akaitwa timu ya taifa, akaingia akitokea benchi dhidi ya Ufaransa, mechi iliyofuata akaanza dhidi ya Italia na akafunga trai, yaani kuugusisha mpira chini ndani ya mstari wa wapinzani, ndo goli lao. Ungesema ndo mambo yameanza. Hayakuanza. Majeraha, na maneno ya kwamba ni mdogo mno, akapotea kabisa kwenye timu, na 2003 alipopelekwa Australia kwenye Kombe la Dunia hakupelekwa kama winga. Alipelekwa kama skramhafu wa tatu. Wa tatu! Yaani yule anayebebwa ili wawili wakiumia kuwe na mtu wa kuvaa ile jezi. Wales walishafuzu robo fainali kabla ya mechi ya mwisho ya kundi na New Zealand, kocha Steve Hansen akapumzisha watu na ndo ikapatikana nafasi ya kumchezesha dogo pembeni. Ile mechi itafute, nakuomba. Kila mtu alisubiri kipigo cha mbwa mwizi, ikawa kuna kipindi Wales wako mbele, Shane anazunguka watu kama anawaulizia njia, akafunga na yeye. Mwisho New Zealand 53 Wales 37. Walipoteza, ndio, lakini wiki iliyofuata aliyeanza winga dhidi ya Uingereza robo fainali alikuwa yeye, na hapo pia walifungwa 28 kwa 17 ila Wales walikuwa na trai tatu na Uingereza moja. Baada ya hapo habari ya skramhafu wa tatu hakuna aliyeikumbuka.

Nimeangalia sana miguu yake ili nielewe anafanyaje. Watu wanasema kasi, mimi naona sio kasi, wenye kasi walikuwepo wengi. Anakimbia moja kwa moja kumwelekea yule anayemkaba, kwa bega, kama vile amekubali kugongana. Yule jamaa anakaza mguu mmoja ardhini ili apokee uzito. Shane anasubiri huo mguu. Ukishakita tu, yeye kashatoka upande wa pili kwa vihatua viwili vifupi mno, na kwa mtu mzito mguu uliokita kuung'oa tena ni nusu sekunde, ndo hiyo hiyo nusu sekunde anayopita nayo. Mrefu hawezi kufanya hivyo, miguu mirefu inachelewa kurudi chini. Kwa hiyo kile walichomkatalia ndo kilikuwa silaha. Mimi mwenyewe nimejaribu kwenye bustani, nikateguka kifundo, lakini hiyo sio review ya jezi.

2005 Wales wakachukua Grand Slam, yaani kwenye mashindano ya Mataifa Sita umewafunga wote watano, mara ya kwanza kwa Wales tangu 1978. Ilianza na Uingereza pale Cardiff 11 kwa 9, trai ya pekee ya Shane kwenye kona, na penalti ya Gavin Henson ya mbali dakika za mwisho. Hii jezi yangu ndo ya msimu huo, kwa hiyo ukiishika unashika hilo. 2008 wakarudia, na mechi ya kumalizia dhidi ya Ufaransa Shane akafunga trai ya 41 akamvuka Gareth Thomas aliyekuwa na 40. Na mimi mtu wa mpira wa miguu hii ndo naipenda kuliko zote maana hakuibeba: Wafaransa wakaangusha mpira, yeye akaupiga teke mbele, akaukimbiza, akaupiga tena kama winga wa Jumapili asubuhi, alafu akaulalia ndani ya mstari. Rekodi ya taifa kwa danadana! Mwaka huohuo akawa Mchezaji Bora wa Dunia, Mwelisi wa kwanza kuipata. Alimaliza na trai 58 katika mechi 87 za Wales, na mbili za Lions (timu ya pamoja ya Uingereza, Wales, Scotland na Ireland) alizofunga Afrika Kusini 2009 kwenye mechi ya mwisho, 28 kwa 9. George North, ambaye ni jitu la mita 1.94, kastaafu timu ya taifa 2024 na trai 47. Kwa hiyo bado dogo yuko juu.

Kuondoka kwake pia alikuwa na tabia ya kuchelewesha, mtu wa dakika ya mwisho huyu. Scotland 2010 Wales walikuwa nyuma kwa pointi kumi muda umekaribia kuisha, wakasawazisha, na muda ulishaisha kabisa ndo yeye akapita katikati mkono mmoja uko juu, 31 kwa 24. Desemba 2011 mechi yake ya kuaga taifa, dhidi ya Australia, walifungwa 24 kwa 18 lakini mguso wake wa mwisho ukawa trai. Mei 2012 fainali ya ligi, klabu yake ya Ospreys na Leinster ya Ireland, palepale kwao Leinster Dublin, Leinster wametoka kuwa mabingwa wa Ulaya wiki moja nyuma, Shane akafunga mbili, ya pili dakika ya 78, Dan Biggar akapiga mkwaju kutoka pembeni ukaingia, 31 kwa 30. Alafu huyooo, Japani.

Haya sasa malalamiko. Nimeifua jezi kama walivyoniambia, geuza ndani nje, maji ya digrii 30, usiianike kwenye hita. Mara ya kwanza poa, ya pili poa. Ya tatu nikaona ile 1 ya kulia imejikunja kona ya chini. Nikasema nitaibandika. Nikaivuta kidogo nione gundi ikoje, ikatoka yote, mkononi, kama stika ya tunda.

Nikaangalia pale ilipotoka. Pekundu. Pekundu sawasawa na kwingine. Sasa fikiria na wewe: jezi ina miaka ishirini, imefifia mabegani na mgongoni kwa jua na sabuni, sehemu iliyofunikwa na namba ilitakiwa ibaki imeiva, uone kivuli cha 1 chekundu kuliko majirani zake. Hakuna kivuli. Maana yake ile namba imebandikwa juzi. Nikarudi dukani, mzee hayupo, kuna kijana anakula chipsi, nikamwonyesha. Wala hakushtuka. Akasema ndio namba tunabandika wenyewe, watu wanaulizia sana 11. Nikamwambia nimeuziwa kama jezi halisi. Akasema jezi ni halisi. Nikasema na namba? Akasema namba hukuuliza.

Na kweli sikuuliza. Nikaomba basi wanirudishie kidogo, akanielekeza kwenye karatasi ukutani kwamba mitumba haibadilishwi wala hairudishwi, maandishi madogo, nyuma ya skafu. Nikaomba waibandike upya bure, akasema ile mashine iko kwa mjomba wake. Nimetuma ujumbe mara mbili tangu hapo, unaonekana umesomwa, jibu hamna. Ndo maana duka silitaji, sina haja ya kugombana na mjomba wa mtu, ila wewe ukienda popote kununua jezi ya zamani yenye namba, inua kona ya namba kwa ukucha uchungulie rangi ya chini kabla hujatoa pochi. Na nusa kwapa. Kwapa la jezi halidanganyi.

Mkenya wangu nilipomwonyesha alicheka mpaka akakaa chini. Kwa sababu ile 1 iliyobaki imekaa kushoto kidogo ya mgongo na sasa mimi ni namba 1, na namba 1 kwenye raga ni propu, mstari wa mbele wa skramu, wale wanaume wenye shingo kama kinu ambao chini ya kilo 110 hawakuangalii mara mbili. Akasema usihuzunike, 2005 namba 1 alikuwa Gethin Jenkins, na ni kweli, huyo ndo alizuia teke la Ireland kwenye ile mechi ya kukamilisha Grand Slam, akauchokoa mpira kwa mguu mpaka kwenye mstari akafunga. Propu mzima na danadana. Kwa hiyo kumbe nimebadilishiwa mchezaji tu, jezi ni ileile.

Nyota sasa. Jezi yenyewe, kitambaa, mishono na manyoya naipa nne kati ya tano, moja nimeitoa kwa kupwaya. Namba naipa sifuri, na duka nalipa moja kwa sababu ya mzee, maana alinichagulia kitu ambacho mwenyewe nisingekiona. Je ningenunua tena kwa 38? Bila namba, kwa paundi 25, leo hii.

Nimeivaa hivyohivyo siku ya mechi ya Mataifa Sita juzi. Cardiff siku hiyo hakuna barabara, ni watu tu, Westgate Street yote nyekundu mpaka getini uwanjani, kofia za maua ya njano kila kichwa, mtu amemvalisha mbwa wake skafu. Nimesimama kwenye foleni ya kununua soseji, nikasikia kidole kinagonga ile namba yangu. Nikageuka. Bibi mmoja wa umri wa bibi yangu, kofia ya ua, ananiangalia kwenda juu, wala sio mbali, ananiangalia kwenda chini.

"Wewe ndo propu wetu leo, bach?"

Nikamwambia moja nyingine nimeiacha nyumbani kwenye droo.